Maji Yaliyokaa Ubavuni mwa Umbu Langu

Umbu langu Mwanakombo,

Nakusalimu kwa salamu wanazopewa watu wa makaburini, kwamba ninyi mmetangulia na sisi, Mungu akipenda, tu nyuma yenu. Karatasi hii nitaisoma kando ya kaburi lako, kisha nitaichoma. Si vyema maneno ya mtu na umbu lake yabaki sandukuni, warithi wakayasoma.

Najua ungekuwapo ungenikatiza hapa hapa: "Kaka, kabla ya nasaha zako, niambie Zuhura yu hali gani." Binti yako hajambo. Anakula vizuri, na juzi nilimsikia akiimba jikoni, nikasimama ukumbini bila kukohoa, nisije nikamnyamazisha. Nalitanguliza hili ili usikilize mengine kwa moyo uliotulia, kwa maana habari yenyewe ni ya tumbo lako.

Ulipokufa hukuacha ugomvi na mtu. Uliacha binti mmoja, shamba la mahindi na simsim kule Ganda, mbwa uliyempa jina la Karani, na neno baya midomoni mwa watu wa Malindi. Hayo mengine nilijua la kuyafanya. Shamba hulimwa, binti hulelewa, mbwa hupewa makombo. Neno utalifanyaje, na hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyelisema?

Ulikuwa mjane, na tumbo lako lilikuwa likikua. Lilikua taratibu mno, hata mwanzoni tulidhani ni unene wa utu uzima. Kisha ukaanza kuifunga leso yako juu zaidi, na wanawake wakaanza kukutazama ulipoinama. Bi Mize mkunga, aliyekuzalisha Zuhura, akaja akakulaza akakupapasa. Nilikuwa nje ya pazia, nikamsikia akisema: "Hapa hapana mtoto. Mtoto hukaa katikati. Hiki kimekaa kuliani, chini ya mbavu, kama mgeni aliyekosea mlango." Maneno hayo aliyarudia mjini, wakamjibu, "Wewe ni somo yake, ungesema nini?" Nami nilipokuuliza kama nisimame nikusemee, ulinikataza. Ulisema, "Kaka, usiwape watu neno la pili. Moja linawatosha kutafuna."

Asubuhi ile tulikuwa shambani pamoja, tukikagua simsim. Kamba ya ndoo ilikatika ulipokuwa ukiivuta, ukaangukia mawe ya kisima kwa ubavu wa kuume. Tulipokufikisha kivulini, mwili wote ulikuwa umetoka mabaka, nawe ukijikuna kana kwamba umepita penye upupu, na pumzi ilikuwa fupi. Ukaniambia, "Kaka, ndani pamepasuka kitu." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyaelewa. Adhuhuri ilipoadhiniwa hukuwa nasi tena.

Sijapata kukueleza yaliyofuata, na pengine ni vizuri kwamba huyajui. Wanawake waliokuosha waliliona tumbo limelegea. Mmoja wao alitoka akasema limeshuka, wala hakusema zaidi. Hapakuhitajika zaidi. Kabla hatujarudi kutoka makaburini, mji ulikuwa umekwisha kuafikiana kwamba Mwanakombo alikunywa dawa ya kutoa mimba, na dawa ikamuua.

Watu wa Kilifi walikuwa wamekwisha kuleta posa ya Zuhura, nasi tumekwisha kuipokea. Wakamtuma mtu mwenye adabu sana. Alikaa, akanywa kahawa, akasema wazee wa kwao wanaona ni bora jambo lingoje. Hakusema lingoje nini. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Tangu siku ile hakukubali kwenda arusini kwa mtu yeyote. Alipoalikwa alisema kichwa kinamuuma.

Aliyeniumiza kuliko wote ni shemeji yako Khamis. Yeye ni ndugu wa marehemu mumeo, na kwa sheria ndiye walii wa Zuhura. Mimi ni mjomba tu, na mjomba haozeshi. Shamba lake linapakana na lako, na Karani alikuwa akifukuza nyani na nguruwe wa mashamba yote mawili bila kubagua. Hata hivyo, barazani, mbele ya watu, Khamis alisema, "Shemeji yangu aliweka mbwa nje ili watu wasitazame ndani." Watu wakacheka. Niliichukua fimbo yangu nikaondoka, na sikunywa naye kahawa tena. Kama walii mwenyewe anasema hivi, watu wa Kilifi wangerudi kwa neno la nani?

Sasa sikiliza, umbu langu. Khamis akaota tumbo.

Lilikaa kuliani, chini ya mbavu. Unawajua vijana wa sokoni. "Bwana Khamis, huu mwezi wa ngapi?" Mwingine akadakia, "Tumwite Bi Mize, au utajifungulia barazani?" Naye, unaujua ulimi wake, mwanzoni aliwajibu, "Akizaliwa nitampa jina lako, apate kuwa mjinga." Baadaye hakujibu. Alianza kupita njia ya nyuma ya msikiti. Kisha siku moja akasimama mlangoni pangu, amejishika ubavu, akasema, "Mwalimu, nisindikize Mombasa kwa madaktari. Wanangu wakinitazama wanacheka, na wewe hujui kucheka."

Nilikwenda naye. Sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda kwa kuwa mgonjwa ana haki.

Daktari Mzungu alimlaza kwa dawa ya usingizi akampasua. Kazi ilipokwisha niliitwa na msaidizi wake, tabibu wa Kihindi, kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na Kiswahili kilichojaa makosa ya umoja na wingi. Nilimsahihisha, akanishukuru na kulirudia neno inavyotakiwa. Tangu hapo nikamsikiliza kwa moyo mkunjufu. Akaniuliza, "Mzee, una moyo wa kutazama?" Nikamwambia nimeosha maiti wengi. Akafunua beseni.

Mwanakombo, sina hakika kama nina maneno ya kukueleza. Palikuwa na mfuko mweupe, laini, wenye ngozi kama utando wa ndani wa yai la kuku, na ukubwa wake ulikuwa wa dafu. Aliupasua. Yakatoka maji safi, safi kuliko ya kisima chetu, na pamoja na maji vikatiririka vifuko vidogo, vyeupe, vya mviringo, kama zabibu zilizomenywa. Akakitoboa kimojawapo, na ndani yake mkawa na vifuko vingine vidogo zaidi. Mama, na watoto, na wajukuu, wote ndani ya ini la Khamis. Nilisimama pale nikifikiri: kumbe mjini walisema kweli kwamba mimba ilikuwapo. Ila mwenye mimba alikuwa ni huo mfuko. Wewe hukuwa nayo.

Chini ya beseni palikuwa na mchanga mweupe, mwembamba kama unga. Tabibu akachukua tone la mchanga huo akaliweka juu ya kioo, kisha akaniinamisha juu ya bomba la shaba lenye vioo, mfano wa darubini ya nahodha, ila hii hutazama chini badala ya kutazama mbali. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha nikaona. Kila chembe ya mchanga ule ilikuwa kichwa. Kila kichwa kilikuwa na taji la ndoana, zimepangwa kwa duara, hakuna iliyozidi mwenzake wala iliyopinda. Nimewaona mafundi wa kuchonga milango wakipima duara kwa uzi na mkaa, na bado ua likatoka limeegama upande. Hapa palikuwa na chembe isiyoonekana kwa jicho, na kazi yake haina dosari. Nilijikuta nikimtukuza Mungu kwa sauti, nikasahau kwamba ninachokitazama ndicho kilichokuwa kikimuua Khamis. Kisha nikakumbuka, na nikamtukuza tena, safari hii kwa hofu.

Nimefundisha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, maisha yangu yote. Nimewaambia wanafunzi kwamba viko vitenzi ambavyo mtendaji wake hatamkwi wala haandikwi, naye yumo, na bila yeye maneno hayana maana. Nililifundisha hilo kama mtu aelezaye njia ya mji asioufika. Siku ile, nimeinama juu ya shaba, nilifika.

Nikamwomba tabibu anieleze tangu mwanzo, naye akanieleza kwa utaratibu, na palipokuwa na jambo asilolijua alisema halijui. Alisema huyu ni mdudu, ndugu wa tegu, lakini mdogo kuliko punje ya mchele. Akiwa mzima hukaa matumboni mwa mbwa, na mbwa hana habari. Hula, hukimbia, hubweka. Mayai yake hutoka na choo cha mbwa, nayo hayaonekani kwa jicho. Hukaa majanini, na mbuzi au kondoo huyala pamoja na majani. Yakiingia tumboni mwa mbuzi, yai huanguliwa, na kitoto chake hutoboa njia mpaka kwenye ini, na pale hujijengea mfuko wa maji, kikangoja. Kinangoja nini? Nilimwuliza hivyo. Akasema, "Kinangoja mbuzi afe, na mbwa ale ini lake." Ndipo mambo huanza upya.

Hapo nikakuona wewe. Nilikuona siku za Idi pale shambani, mchinjaji akifungua tumbo la mbuzi, na ini likionekana lina vifuko vya maji. Hukuwa ukichukia wala kulaani. Ulikuwa ukisema, "Hili si la watu. Mpeni Karani, naye ana Idi yake." Na Karani alikwisha kukaa pale, ametulia, kwa adabu ile iliyompatia jina, kama karani wa forodhani angojaye mzigo wake. Hakuna aliyeona ubaya. Kumpa kiumbe chakula kuna thawabu, na ini bovu kulitupa ni israfu. Tulimlisha kila mwaka kwa mkono wa huruma.

Nikamwambia tabibu, "Sisi, mbwa akiramba chombo, tunakiosha mara saba, moja kwa udongo." Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kwa maana naye ni Mwislamu. Kisha akauliza, "Na mkimshika akiwa mkavu?"

Wewe na mimi tunalijua jibu. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi. Ndivyo nilivyosoma, ndivyo nilivyokusomesha wewe ulipokuwa msichana ukikaa nyuma ya pazia na kunijibu kabla ya wavulana, na ndivyo ilivyo. Sheria haikubadilika kwa sababu ya beseni. Lakini kanuni ile inazungumzia sala. Haikuzungumzia ini. Tabibu akasema mayai hushika manyoya ya mbwa, maana mbwa hujiramba kutwa, na hukaa pale yamekauka, yanangoja kiganja. Nikakuona mchana wa jua, umekaa ukingoni mwa shamba, Karani amelala miguuni pako, nawe unampapasa mgongo. Manyoya yake makavu kama nyasi za kiangazi. Kisha unakitazama kiganja chako, unakikuta kikavu, unachukua tende unakula. Hukuacha adabu hata moja. Ulifanya kama afanyavyo mtu aliyesoma. Asiyesoma angenawa kwa woga tu.

Na Khamis naye, aliyemsema mbwa huyo barazani, jioni alikuwa akimpigapiga kichwani kwa kumshukuru kwamba nyani hawakuingia kwake.

Lililonishinda ni hili. Tabibu alisema binadamu si njia ya mdudu huyu. Njia yake ni mbwa na mbuzi, mbuzi na mbwa. Akiingia ndani ya mtu amepotea; atajenga mfuko wake, atazaa watoto na wajukuu, na wote watakaa gizani wakimngoja mbwa ambaye hatakuja kamwe, kwa maana nani atampa mbwa ini la mtu? Umbu langu, tulikuwa tukitafuta aliyekukusudia. Wengine walisema mwanamume, wengine walisema mchawi, na mimi usiku wa matanga nilijiuliza kama ni mtihani uliokusudiwa wewe kwa jina lako. Kumbe hukukusudiwa. Bi Mize alisema mgeni amekosea mlango, na alisema kwa vidole vyake tu.

Nilimweleza tabibu habari zako zote: upande, kamba, mawe ya kisima, mabaka, upupu, pumzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sikumwona umbu lako, siwezi kuapa. Lakini mfuko ukipasuka ndani, maji yake ni sumu kwa mwili, na mtu hufa kama ulivyonieleza. Na tumbo hulegea." Nilimheshimu kwa kutoapa. Msimulizi anayejua mpaka wa alichokiona ndiye anayepokewa habari yake.

Nikamwuliza mfuko huu huchukua muda gani kukua. Akasema miaka, na mara nyingi ni mingi kabla mwenyewe hajatambua chochote. Nikahesabu moyoni. Tumbo ambalo watu walilipima tangu kufa kwa mumeo lilianza mumeo yu hai, amelala pembeni mwako.

Khamis alipozinduka na kupata nguvu aliomba kuonyeshwa. Tabibu alikuwa ameweka baadhi ya vifuko katika chupa ya dawa. Khamis aliigeuza chupa mkononi muda mrefu. Akaniuliza, "Na yeye alikuwa na hivi hivi?" Nikamwambia maneno ya tabibu, bila kuongeza wala kupunguza. Akajivutia shuka hadi usoni. Nilikaa naye.

Tuliporudi Malindi alingoja Ijumaa. Baada ya sala alisimama ngazini, anaegemea fimbo, amekonda, kanzu inampwaya. Akasema, "Mmelicheka tumbo langu, nanyi mlikuwa na haki, kwa kuwa mimi nililicheka la mwenzangu. Nimepasuliwa. Limetoka maji na vifuko vya mdudu. Sasa nisikilizeni vizuri. Ikiwa mimi nilikuwa na mimba, basi na Mwanakombo alikuwa nayo. Na ikiwa mimi sikuwa nayo, yuko wapi atakayesema yeye alikuwa nayo?" Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akainama kutafuta viatu vyake.

Habari ikafika Kilifi kwa haraka ile ile iliyofika ya kwanza. Yule mtu mwenye adabu akarudi, akanywa kahawa, akasema wazee wanaona jambo limengoja vya kutosha. Nilimwuliza Zuhura, kwa kuwa ni haki yake kuulizwa. Akasema, "Mjomba, sikatai. Lakini neno lile lilitembea kwa miguu ya wanawake. Na lirudi kwa miguu hiyo hiyo." Nilimtazama, nikakuona wewe nyuma ya pazia, unanijibu kabla ya wavulana.

Unazijua desturi zetu, jinsi wanawake wapitavyo nyumba kwa nyumba kualika watu arusini. Safari hii mama yake bwana arusi alikuja mwenyewe kutoka Kilifi, mtu mzima asiyezoea kutembea juani, akaandamana na Bi Mize mlango kwa mlango. Katika kila nyumba, kabla ya kutaja siku ya arusi, alisema, "Mwanakombo alikufa kwa maji ya ubavuni, na alikuwa mtu safi. Tulilisema lisilokuwapo. Sasa tunawaalika." Bi Mize ananiambia kwamba nyumba za mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo, na kwamba alipofika mtaa wa mwisho ilisikika hadi uani. Bi Mize mwenyewe hakusema kitu njia nzima. Alikuwa akitembea tu, na unajua anavyotembea akiwa ameshinda.

Jana tulichinja mbuzi wa karamu pale shambani. Ini moja lilikuwa na vifuko. Mchinjaji, kwa mazoea, akainua mkono amrushie Karani, na Khamis akamshika mkono hewani. Alichimba shimo yeye mwenyewe, ingawa kidonda chake bado kinamvuta, akalichimba refu kupita urefu wa mkono, tukalizika ini na tukaweka mawe juu. Karani alikaa kando ya shimo, akamtazama Khamis, akanitazama mimi, akalitazama shimo. Amezeeka, na macho yake yalikuwa na lawama ya mtumishi aliyekatwa haki yake bila kuambiwa kosa. Zuhura akampikia nyama mpaka ikaiva kabisa, akamwekea, akanawa mikono, na mikono yake ilikuwa mikavu.

Kesho Khamis atamwozesha. Nitakaa kuliani kwake na kusikiliza kila neno, kwa maana ana tabia ya kumeza mwisho wa sentensi, na katika jambo hili sitamruhusu.

Nakuahidi mambo haya. Maadamu nina pumzi, ini lenye maji halitatupwa mbele ya mbwa katika ardhi yako, wala katika ardhi ya mtu anisikilizaye. Karani atalishwa mpaka siku yake. Na wanafunzi wangu, nikiwafundisha mlango wa twahara, usafi wa sala, nitawafundisha kanuni kama ilivyo, kisha nitawaambia wanawe mikono, na wakiuliza hoja yake ni ipi, nitawaeleza habari ya umbu langu, aliyekuwa mjane msafi, akampapasa mbwa wake mchana wa jua.

Pumzika, Mwanakombo. Aliyekosea mlango ni mgeni. Mwenye nyumba hakuwa na kosa.

Mimi kaka yako.